Waliokuwa Wakianguka Mbele Yangu

Mwaka niliokutana na mwalimu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na kazi yangu ilikuwa kuchagua mchele kwenye mashine moja ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Tulikaa chini wanawake sita au saba, kila mmoja na ungo wake, tukitoa mawe na chuya. Kazi ya kukaa ilinifaa. Mguu wangu wa kulia ulikonda nikiwa na miaka minne, baada ya polio, na tangu hapo natembea na mkongojo.

Wachukuzi wa magunia walikuwa na mchezo wao. Nikishakaa, mmoja wao anapita, ananyakua mkongojo wangu na kwenda kuuegemeza kwenye ukuta wa mbali, halafu wanasubiri waone nitaufuata vipi. Niliufuata kwa kujiburura. Walicheka, na wanawake wenzangu nao walicheka, si kwa chuki, bali kwa sababu lilikuwa jambo la kila siku na mchana ni mrefu. Mimi mwenyewe wakati mwingine nilicheka, ili lipite haraka.

Siku moja mlinzi wa ghala la jirani alisimama akaangalia. Alikuwa mtu wa makamo, mwanajeshi wa zamani, na mkono wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko. Ulibaki Uganda, alikuwa akisema, wakati wa vita. Hakuwakemea wale wachukuzi. Alingoja mpaka nimeufikia mkongojo, kisha akaja kuchuchumaa karibu yangu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Huyo anayeuchukua, mkono wake si unapita hapa, mbele ya kifua chako?"

"Unapita."

"Na mikono yako wewe inakuwa inafanya nini?"

"Inapepeta."

"Basi Jumapili ukitoka misani, pitia nyuma ya mashine."

Nyuma ya mashine palikuwa na lundo la pumba, kubwa kama nyumba. Yule mlinzi, ambaye tangu siku ile nilimwita mwalimu, alikuwa amesawazisha upande mmoja na kutandika turubai bovu juu yake. Jumapili ile ya kwanza tulikuwa wawili: mimi, na mwanamke mmoja jirani yetu ambaye nilimshawishi aje kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu. Alinizidi kama miaka kumi, nami nilimwita dada. Surua ilimpofusha akiwa mtoto. Alikuwa anasuka mikeka ya ukindu, na mikeka yake ilijulikana mpaka Namawala, maana alibana kili zake, zile kanda ndefu za ukindu uliosukwa, kiasi kwamba ukimwaga maji juu yake yanakaa kwanza kabla ya kupenya. Tukitembea, aliweka mkono wake begani kwangu. Mimi nikapata pa kuegemea, yeye akapata wa kumwonyesha njia. Watu walitutania kwamba tukijumlishwa tunapata mtu mmoja.

Miezi miwili mwalimu alitufundisha kuanguka tu. "Mwenye mguu kama wako ataanguka tu, kuwe na ugomvi kusiwe na ugomvi," aliniambia. "Sasa jifunze kuanguka bila kuvunjika." Pumba ziliingia kwenye nguo, ziliwasha, na nilirudi nyumbani najikuna kama mwenye upele. Mama aliniuliza kama siku hizi padri anatulaza ghalani.

Baada ya hapo ndipo alipotufundisha kushika na kujinasua. Alichokuwa nacho alikiokota sehemu nyingi: karate ya jeshini, mieleka aliyocheza utotoni kwao upande wa Mahenge, na namna ya kutumia fimbo aliyoiona kwa Wasukuma waliokuwa wakishusha ng'ombe zao bondeni. Alivichanganya, akavikata vikatoshea miili yetu kama fundi cherehani anavyofanya. Mimi nilijifunza nikiwa nimekaa, au nimeegemea ukuta. Dada alijifunza kwa kugusa. "Ukishamgusa mtu," alimwambia, "unajua bega liko wapi, na ukilijua bega, unajua magoti yako wapi. Mwenye macho anababaishwa na mikono. Wewe hubabaishwi." Hakuupa mchezo wake jina. Sisi tuliuita kujihami.

Na kila Jumapili, kabla hatujatawanyika, alirudia maneno yale yale. "Mtu akitaka mfuko wako, mpe mfuko. Sukuma, jinasue, piga kelele. Kazi yenu si kumshinda mtu. Kazi yenu ni kufika nyumbani."

Wiki chache baadaye mchukuzi mmoja alipitisha mkono wake mbele yangu kuufuata mkongojo. Nilimshika kidole gumba, nikakizungusha kwa nje kama nilivyofundishwa. Alipiga magoti kwenye mchele. Hakuna aliyecheka. Kuanzia siku ile mkongojo wangu haukuguswa tena, na ule ushindi, katika yote niliyopata maishani, ndio pekee ambao sina shaka nao.

Mwaka uliofuata vijana wa mjini wakaanza kuja. Walikuwa wameona karate kwenye vibanda vya video, wakasikia kuna mwanajeshi anafundisha bure. Mwalimu aliwakubali kwa sharti moja, kwamba wafanye mazoezi na sisi. Wakati huo tulikuwa tumefika watano, kwa kumhesabu mzee mmoja aliyekatwa vidole kwa ukoma, na wawili waliokuja na kukoma kuja.

Nilipewa fundi baiskeli wa karibu na soko, mrefu, mikono imejaa grisi hata Jumapili. Wiki ya tatu nilimpiga mweleka. Nilikuwa nimekaa, akaja kunikaba, nikamshika mkono na ukosi, nikajilaza kwa ubavu, na yeye akapita juu yangu akaangukia turubai kwa kishindo. Alilala pale akiangalia juu.

"Umenifanyaje?" akauliza.

"Simama nikuonyeshe tena."

Nikamwonyesha tena. Nilimwonyesha kila Jumapili mwaka mzima. Sijui niseme nini kuhusu mwaka ule ila kwamba nilibadilika. Niliacha kupita uchochoroni, nikapita katikati ya soko kifua mbele. Nilijibu watu. Nilishona sketi fupi kidogo kuliko zile ndefu zilizouficha mguu, na mama hakusema kitu. Na nilimpenda yule fundi. Hakuwa amesema neno lolote, lakini alikuwa akinibeba kwenye keria ya baiskeli yake baada ya mazoezi, na nilijiambia kwamba mwanamume anayeangushwa na mwanamke mbele ya wenzake na bado akarudi wiki inayofuata, huyo anamheshimu.

Dada naye aliwaangusha. Nilimsimulia jinsi walivyoanguka, vumbi lilivyoruka, na alipenda nirudie. Usiku mmoja mwanawe wa kike alinieleza kwamba mama yake anasuka huku anacheka peke yake.

Kisha wakaja wageni. Sikumbuki vizuri walitoka ofisi gani. Walikuja na gari na kamera ya video, na walikuwa wamesikia habari zetu. Mwalimu alitupanga kwenye uwanja wa shule. Wiki mbili kabla, alikuwa ameacha kufundisha kujinasua. Ilikuwa mieleka tu, kushika na kuangusha, kushika na kuangusha, maana ndivyo vinavyoonekana vizuri. Yale maneno yake ya kufika nyumbani hakuyasema tena. Badala yake alimwambia dada, "Ukishamshika, usimwachie. Wageni wanataka kuona hilo."

Siku ile nilimwangusha fundi mara tatu. Dada aliwaangusha wawili, mmoja akiwa na mwili wa mchukuzi. Uwanja mzima ulipiga makofi, na mgeni mmoja mwanamke alifuta machozi. Waliahidi kurudi na magodoro ya mazoezi na nguo nyeupe, na walisema mwalimu ataitwa mkoani kuwafundisha wengine.

Jioni ile fundi alinibeba kunirudisha. Tulishuka mahali penye mchanga kando ya barabara ya kwenda kivukoni, kwa sababu mnyororo ulikuwa umetoka. Akaurudisha, akafuta mikono kwenye majani. Nilikuwa na furaha mpaka nilitaka kuichezea.

"Njoo nikuangushe hapa," nikamwambia. "Hapa hamna wageni."

Akacheka. "Nimechoka."

"Njoo. Na safari hii usikubali."

Alikuja kwa shingo upande. Nilikaa mchangani, nikamshika mkono na ukosi, nikajilaza kwa ubavu. Hakwenda popote. Nilijaribu tena, nikatumia nguvu zangu zote, nikasikia shati lake likichanika kwenye mshono. Alibaki amesimama, ameinama kidogo juu yangu, kama mtu anayemsubiri mtoto afungue mlango mzito. Mara ya tatu hakuweza kuniangalia usoni.

"Mbona hujaanguka?"

"Umeniambia nisikubali."

Baiskeli zilipita na magunia ya mpunga, na wenye baiskeli walitusalimia.

"Kwa hiyo huwa unakubali," nikasema.

"Mwalimu alitwambia. Alisema tukiwakatisha tamaa mtaacha kuja."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Wote?"

"Wote. Mimi nilidhani unajua. Kweli kabisa. Nilidhani ni kama mchezo wa kuigiza, na wewe unajua."

Nilikataa kupanda baiskeli yake. Nilitembea mpaka nyumbani, naye akanifuata nyuma akiisukuma, mpaka nilipomwambia kwamba akiendelea kunifuata nitapiga kelele. Hiyo angalau nilifundishwa vizuri.

Asubuhi yake nilimfuata mwalimu ghalani. Alikuwa anakunywa chai ya rangi kwenye kopo. Sikumwamkia, na alijua papo hapo.

"Amekwambia," akasema.

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Aliweka kopo chini. "Ulipokuwa hujaangusha mtu, ulikuwa unatembea unaangalia chini. Ulipoanza kuangusha, ukainua macho. Wewe mwenyewe umeliona hilo. Ningekuondolea?"

"Ulinipa kitu ambacho hakipo."

"Kilikuwepo. Kujiamini ni kitu."

"Na dada? Anaangukiwa naye?"

Alitazama lori lililokuwa likirudi kinyumenyume kwenye ghala, kana kwamba linahitaji kutazamwa.

"Usimwambie," akasema mwishowe. "Wageni watarudi. Baada ya hapo nitaanza upya, nitawafundisha yale ya zamani. Nakuomba."

Hapa ndipo nisipoweza kumlaumu mtu mwingine. Sikumwambia dada. Nilijiambia kwamba namhurumia, kwamba siwezi kumnyang'anya mtu furaha aliyoipata ukubwani. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimemsimulia jinsi watu wanavyoruka na vumbi linavyotimka. Macho yake yalikuwa mimi. Ningemwambiaje kwamba macho yake nayo yalidanganywa? Na nilitaka wageni warudi. Nilitaka zile nguo nyeupe. Niliendelea kwenda Jumapili, nikaendelea kumshika fundi ukosi, naye akaendelea kuanguka, na hatukuangaliana.

Wiki kama sita zikapita. Siku moja ya gulio dada aliuza mikeka miwili, akawa anarudi nyumbani saa tisa alasiri, jua linawaka, kwa njia ya mashambani aliyoijua kwa miguu yake. Mwanawe alikuwa shule. Mimi nilikuwa kazini, kwenye ungo. Mtu alimjia kwa nyuma akaushika mfuko wake.

Zamani angeuachia. Angepiga kelele, na kulikuwa na watu wanavuna mpunga hatua mia moja kutoka pale, walisema wenyewe baadaye. Lakini dada hakupiga kelele. Alimshika yule mtu mkono na ukosi, akajilaza kwa ubavu, akangoja aanguke. Yule mtu hakuanguka. Na dada hakumwachia. Yule mwizi alimburura njia nzima mpaka kwenye ukingo wa mfereji, na alipoona dada bado ameng'ang'ania, akaokota jiwe akaipiga ile mikono yake mpaka ikafunguka.

Nilimkuta hospitali mikono yote miwili imefungwa. Mwanawe alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda na sare za shule. Dada alinitambua kwa sauti ya mkongojo.

"Mdogo wangu, ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Pole."

"Njoo karibu nikuulize. Nilimshika vile vile. Mkono na ukosi, uzito wote ubavuni. Vile vile kabisa. Mbona hakuanguka?"

Nilimpa mwanawe hela akanunue maji, ili asisikie. Kisha nikamwambia. Nilimwambia yote, barabara ya kivukoni, kopo la chai, wageni. Alinisikiliza bila kutikisika.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Wiki ngapi?"

"Sita."

Nilisikia mgonjwa wa kitanda cha pili akiomba kugeuzwa. Halafu dada akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie mwanangu aniletee na ndimu." Akageukia ukutani. Nilijua nimeambiwa niondoke.

Mifupa ya mkono wa kushoto iliunga vizuri. Ya kulia haikuunga vizuri. Vidole viwili vilibaki vimekunjika, na mwenye vidole vile hawezi kubana kili. Alijaribu. Nilimwona kibarazani kwake mara kadhaa akijaribu, nikapita bila kusalimia, kwa sababu aliujua mkongojo wangu na alikuwa ameinamisha kichwa chake kabla sijafika. Mwisho wa mwaka alihamia Mchombe kwa kaka yake.

Mwalimu alimtembelea hospitali mara moja. Sijui walizungumza nini. Nilimwona akitoka, ameshika kofia yake kwa ule mkono mmoja, akakaa kwenye benchi la nje mpaka wakati wa kuona wagonjwa ukaisha. Siwezi kusema hakuumia. Lakini wageni waliporudi na magodoro, aliwapokea, na tulipoulizwa yuko wapi yule mama asiyeona, alisema amehama. Mimi nilisimama pale kando na nguo nyeupe, nikanyamaza tena. Picha yangu ilipigwa. Nilisikia ilitundikwa ofisini kwao, nikiwa nimemwinua fundi juu kama gunia.

Fundi alikuja nyumbani siku moja kuomba radhi. Alikaa kwenye kigoda, mama akamletea maji, akayanywa yote.

"Nilidhani nakufurahisha," akasema.

"Ulinifurahisha," nikamjibu. Alioa mwaka uliofuata, akahamia Kidatu.

Kabla sijaacha kabisa mazoezi, nilimtaka mwalimu kitu kimoja: tushikane mimi na yeye, mkono wake mmoja na mguu wangu mmoja, na asiniachie. Alikubali. Jumapili nane alinigaragaza. Alinikunja, alinikalia, niliumwa mabega mpaka siwezi kuinua ungo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilirudi nyumbani nimetulia. Jumapili ya tisa nilipata upande wake usio na mkono, nikajilaza, naye akaenda chini. Alianguka vibaya, akashika kiuno.

"Umenipata," akasema.

Nilimwangalia usoni muda mrefu. Jasho lilikuwa linamtiririka na alikuwa anahema. Sikujua kama ameangushwa au ameanguka. Nilimwuliza, akaapa. Aliapa kwa jina la mama yake. Na bado sikujua, na nilielewa kwamba sitajua kamwe, hata kama ningemwangusha mara mia. Niliokota mkongojo wangu nikaondoka, na sikurudi.

Mchombe nilikwenda mara moja, miaka mitatu baadaye, kwa lori la mpunga. Nilimkuta dada anauza chumvi na viberiti mbele ya nyumba ya kaka yake, sarafu amezipanga kwenye kisahani kwa ukubwa. Alinikaribisha. Alimwambia mwanawe, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, anipikie, na nikapewa wali na perege, na kiti, wakati wao wamekaa mkekani. Aliniuliza habari za mama, za mashine, za bei ya mchele Ifakara. Nilijibu kila swali. Nilikuwa nimebeba maneno tangu nyumbani, nimeyapanga njia nzima, na kila nilipofungua mdomo alikuwa na swali lingine la adabu.

Lori lilipopiga honi, alisimama kunisindikiza mpaka barabarani. Nilitoa bega langu kwake bila kufikiri. Alikuwa tayari amemshika mwanawe.

"Asante kwa kutukumbuka," akaniambia. "Wasalimie wote."

Dereva alinivuta juu kwa mikono miwili, akaniweka juu ya magunia.